Zipake Mafuta

Kuna nyumba ambazo mgeni akiingia hukaribishwa kiti. Kwa Bi Milimita, mgeni aliambiwa kwanza aangalie asijikwae. Katikati ya sebule, mahali palipokuwa na kiti cha kuegemea cha mumewe, ilisimama mashine ya kukerezea vyuma, ndefu kama kitanda cha mtu mzima, nzito kiasi kwamba wanaume wanane walioileta waliapa kwamba siku ya kuitoa wasiitwe wao. Ilikusudiwa kwenda stoo ya nyuma. Mlango wa stoo ukawa mwembamba kwa vidole vinne, na aliyekuwa ameupima ni yeye mwenyewe, mwanamke aliyepata jina lake kwa kukataa kazi iliyokosewa hata nusu ya milimita. Mumewe hakulisema jambo hilo. Kila alipopita alikuwa akiutazama tu ule mlango, na hilo lilimuudhi mkewe kuliko matusi.

Miaka ishirini na saba alikuwa amesimama mbele ya mashine hiyo hiyo, katika karakana ya pampu za maji, akikereza mihimili, zile fimbo za chuma zinazozungusha pampu. Karakana ilipofungwa, mashine zote ziliuzwa kwa uzito kama vyuma chakavu. Akaichukua ile ya kwake. Ilikuwa imenyeshewa misimu miwili uani, na vishikio vyake vilikuwa havizunguki tena, vimeshikana kwa kutu kama meno ya mtu aliyezirai.

"Hii itakaa hapa mpaka lini?" aliuliza mumewe siku ile ya kwanza. Alikuwa mwalimu mstaafu wa jiografia, na watu wote, hata mkewe, walimwita Mwalimu.

"Miezi mitatu. Kama baada ya miezi mitatu haikati chuma kikanyooka mwanzo hadi mwisho, nitawaita watu wa chakavu kwa mkono wangu."

"Nimesikia mimi, na ukuta nao umesikia," alisema Mwalimu, akaenda kuchora duara kwenye kalenda. Lilikuwa duara jekundu, juu ya siku ya Ijumaa.

Miezi ilikwenda. Bi Milimita alifungua kila kilichofunguka, akapanga bolti kwenye makopo ya maziwa chini ya meza ya chakula, akasugua kwa brashi ya waya hadi kucha zikawa na rangi ya udongo. Mapazia yalinuka mafuta ya taa. Mwalimu alikunywa chai akiwa ameketi kwenye stuli ya jikoni, magoti yamemfikia kidevuni.

"Chai hii ina mafuta ya taa, mama."

"Siyo chai. Ni mkono wangu uliokuletea."

"Basi kesho nitaifuata mwenyewe jikoni."

Kwa kazi ya rangi, alimkubali shemeji yake, mdogo wa Mwalimu, ambaye mtaa mzima ulimwita Brashi. Alikubali shingo upande. Brashi alikuwa mpaka rangi wa nyumba, mwepesi wa mkono na mwepesi zaidi wa ulimi, na kati yao kulikuwa na jambo la zamani. Alipokuwa kijana aliwahi kuletwa karakana ajifunze ukerezaji chini ya shemeji yake, kwenye mashine hii hii. Kila mhimili alioukata ulitoka na tumbo: mwembamba huku, mnene kule, karibu na kichwa cha mashine, pale chuma kinaposhikwa na kuzungushwa. "Shem, mashine ndiyo inapinda," alikuwa akisema. Naye Bi Milimita alimjibu mbele ya watu wote, "Mbaazi ukikosa maua husingizia jua." Baada ya miezi mitatu alimwambia akatafute kazi isiyo na vipimo.

Akaipata. "Ukuta haupimwi kwa maikromita, shem," alipenda kusema, kila mara akicheka, na kila mara kicheko kikiisha sekunde moja mapema kuliko inavyopasa.

Hadi Jumatano ya wiki ya mwisho, mwili wa mashine ulikuwa umevaa kijani kipya, na zile reli mbili za juu, ambazo kigari kinachobeba kisu huteleza juu yake, Bi Milimita alikuwa amezisugua mpaka zikawa zinaonyesha uso wa mtu. Kilichobaki kilikuwa mkanda wa mota. Alhamisi asubuhi alivuka mji kwenda kuutafuta, akamwacha Brashi amalizie miguu. Akiwa kwenye foleni dukani aliona wingu limetanda, akapiga simu.

"Shem, zile reli mbili za juu nilizozisugua, zipake mafuta. Hewa ina unyevu."

"Mafuta, siyo ya maji?"

"Maji juu ya chuma, shemeji? Hata wewe."

"Mtu anauliza asifukuzwe kazi mara ya pili. Nipige mikono mingapi?"

Muuzaji alikuwa anamwita. Bi Milimita akamwona shemeji yake akilini, kitambaa chenye mafuta kimeshikwa kwa mikono yote miwili. "Piga mikono miwili, usizionee huruma," alisema, akakata simu.

Alirudi saa tisa, mkanda begani. Brashi alikuwa ameketi sakafuni anaosha brashi zake, ametulia kama mtu aliyemaliza deni la moyo. Reli zilikuwa kijani, kijani kizito, laini, kilichong'aa kama bamia mbichi. Na kwa kuwa alikuwa na rangi iliyobaki, alikuwa amezipitia na namba za kwenye kishikio, zile za kuhesabia milimita, maana aliona zimechakaa.

Bi Milimita hakuvua viatu. Aliketi kwenye stuli ya mumewe.

"Nilisema mafuta."

"Na ni ya mafuta hiyo. Kopo hilo hapo, soma."

"Mafuta, shemeji. Mafuta ya mashine. Ya kulainisha."

Brashi alitazama kopo, akatazama reli. Kwa mpaka rangi, dunia ina vitu viwili tu, ya maji na ya mafuta, na mkono ni tabaka moja la rangi. "Ulisema mikono miwili," alisema polepole. "Wa pili bado mbichi."

Mwalimu alikuwa amejificha nyuma ya gazeti, na gazeti lilikuwa linatikisika.

"Na wewe ulikuwa wapi?"

"Hapa hapa. Nikadhani ndivyo zinavyofanywa. Zimependeza."

Kulikuwa na maneno mengi ambayo angeweza kusema, na alikuwa nayo yote, yamepangwa foleni tangu siku ya ule mlango wa stoo. Lakini duara jekundu lilikuwa kesho. Thina ingeiyeyusha rangi ikatiririka mpaka kwenye kila tundu alilolisafisha. Akachukua kipande cha chuma bapa, akakifunga msasa, akapiga magoti na kuanza kusugua upande wa mbali. Alipiga mistari mirefu iliyonyooka, akisonya kila mstari. Brashi alijaribu kuchukua upande mwingine, akaambiwa akae asiguse kitu.

Upande wa mbali rangi ilitoka upesi, ikaacha chuma cheupe. Alipokaribia kichwa cha mashine, ikakataa. Palibaki utepe wa kijani, urefu wa shibiri moja, katikati ya reli. Akakandamiza. Msasa ulipita juu yake kama mtu anayepita juu ya shimo bila kujua. Akabadilisha msasa. Utepe ukabaki.

Akaleta rula ya chuma, akailaza kwa ubavu juu ya reli, akainamisha kichwa. Chini ya rula, pale penye kijani, mwanga ulipenya. Haukuzidi unene wa unywele.

Alikaa hivyo muda mrefu, shavu karibu na chuma, hata Mwalimu akashusha gazeti.

"Kuna nini?"

"Pamelika."

"Pameliwa na nini?"

"Na mimi," alisema Bi Milimita.

Kigari kilikuwa kimekwenda na kurudi hapo miaka ishirini na saba, kazi fupi fupi, zote karibu na kichwa. Kisu kikifika hapo kilizama kidogo, chuma kikabaki kinene. Kikawa na tumbo. Lakini mihimili yake mwenyewe haikuwahi kuwa na tumbo. Alitazama mkono wake wa kulia kana kwamba ni wa mtu mwingine.

Ijumaa asubuhi alifunga mkanda, akafunga fimbo ndefu ya chuma kutoka kichwani hadi mkiani mwa mashine, akawasha mota. Mashine ikaunguruma sauti ile ile. Alikata karibu na kichwa, akapima, na kipimo kilikuwa sawa kila mahali. Mwalimu akapumua. Yeye hakupumua, maana safari hii alikuwa ameutazama mkono: ulipofika shimoni, ulikizungusha kishikio zaidi kidogo, kisu kikasogea ndani, wenyewe, bila kumuuliza.

"Basi inakata," alisema Mwalimu.

"Mimi ndiye niliyekata. Tulisema mashine." Akageuka. "Shemeji. Njoo ushike."

Brashi alidhani anataniwa. Alipoona hatanii, akafuta mikono kwenye suruali mara mbili, akashika, akapita pale pale karibu na kichwa. Bi Milimita akapima. Tumbo. Lile lile, kama alivyolikumbuka. Mwalimu alitazama kalenda, kisha akatazama kwingine haraka.

"Hamia huku mkiani. Usifikiri kitu, zungusha tu."

Brashi akakata upande wa mbali, ambako rangi ilitoka upesi. Ulimi wake ulikuwa umetoka pembeni ya mdomo. Bi Milimita akapima mwanzo, katikati, mwisho. Akafuta maikromita kwa kanga, akarudia. Akarudia tena, akitafuta kosa kwa bidii ya mtu aliyepoteza pete.

"Ngapi?" aliuliza Brashi.

"Nyamaza kwanza." Akaiweka maikromita kwenye boksi lake. "Imenyooka."

Mota ilikuwa inazunguka bure.

"Kwa hiyo, shem," alisema Brashi, na safari hii hakucheka, "siku zile jua nalo lilikuwa na lake."

"Lilikuwa nalo," alisema Bi Milimita. "Zile namba ulizozipaka, zikwangue moja moja kwa sindano. Ukimaliza nitakuonyesha namna ya kuongeza kishikio pale penye shimo. Ningekuonyesha wakati ule, kama ningejua kwamba naongeza."

Brashi akaenda kutafuta sindano.

Mwalimu alikunja gazeti. "Mashine inabaki, basi. Kiti changu je?"

"Pima kama kinapita mlango wa stoo."

"Kinapita," alisema Mwalimu. "Nilikipima siku ile ile ya kwanza."