Salamu za Constantino Zilizoachwa Nje ya Ua

Siku Sitti alipoondolewa uenyekiti wa kikundi, hakuna aliyempa hata kikombe cha chai. Kule Koboko, mji wao wa mpakani, hata askari aliyekuja kumkamata mwanao hupewa chai kwanza, ndipo mambo yazungumzwe. Yeye alisomewa kosa lake akiwa amesimama, katika ua wa Hajati Medina, mbele ya wanawake aliowafundisha kusuka kwa mikono yake mwenyewe. Kisha akaachwa aende zake, mkeka kwapani.

Kosa lenyewe lilikuwa hili. Kikundi chao husuka tabaga, vile vifuniko vya chakula vya rafia ya rangi ambavyo arusi ya heshima haifanyiki bila hivyo. Mtu mmoja wa Sudan Kusini, Constantino, anayenunua vyombo kwa ajili ya ukumbi wa sherehe kule Juba, alimkuta Sitti akiuza sokoni Arua, mji wa jirani. Alishika tabaga, akaigeuza, akavuta uzi wa ukingo kuona kama utaachia. Haukuachia. Akasema ataandika, maana wakubwa wake hawakubali neno la mdomo, na Sitti akampa kikaratasi chenye anwani ya barua pepe ya kikundi.

Wakangoja. Simu ya kikundi ilikuwa mikononi mwa Hadijah, katibu wao, na kila alipoulizwa Hadijah alijibu kwamba hakuna kitu. Mwishowe habari ikaja na upepo wa barabarani: Constantino amewapa kazi wanawake wa mtaa wa Tanganyika, pale Arua, na mmoja wa wanawake hao ni wifi yake Sitti.

Basi watu wakajumlisha wenyewe. Hajati Medina, aliyekuwa akikitamani kile kiti tangu zamani, alijumlisha kwa sauti kuliko wote. "Mutu alikuja kwa mlango wetu," alisema, "Sitti akamuonyesha mlango ya ndugu yake."

Angejitetea kwa kitu gani? Hakuwa na karatasi, na hata angekuwa nayo asingeweza kuisoma. Baba yake alikuwa askari. Serikali aliyoitumikia ilipoanguka walivuka mpaka usiku na sufuria moja, na miaka ambayo watoto wengine walikaa darasani yeye aliipitisha akichota maji kwenye nchi za watu. Aliporudi alikuwa mkubwa, ana vidole vya kusuka na Kiswahili cha kambini. Vilimtosha. Alilea watoto kwavyo, mume alipohamia kwa mke mdogo. Lakini siku ile havikumtosha, na alipopita sokoni aliwasikia wakinyamaza. Kunyamaza kwa watu wa Koboko kuna kelele.

Aliendelea kusuka peke yake, na kila alichosuka alikipeleka Arua. Huko ndiko alikomwona Constantino tena, mbele ya duka la rangi. Constantino alimwona pia, akageuza uso.

"Wewe unageuzia nani uso?" Sitti alipaza sauti, barabara nzima ikasikia. "Mimi ndiyo ilifukuzwa sababu yako!"

"Mama, usinipigie kelele. Mimi iliandika mara tatu. Mara tatu! Hata neno la hapana hamkunipa. Hata mbwa, mutu anamwambia toka."

"Hakuna barua ilifika."

"Iko hapa." Akatoa simu. "Angalia na macho yako."

Sitti hakupoteza muda kuangalia kile ambacho macho yake hayakujua. Alimshika mkono wa shati na kumwingiza katika kibanda cha Rejoice, mwanamke mwenye mashine ya kuchapa na kutoa nakala, ambaye nusu ya watu wa Arua humfuata awafungulie mambo ya simu. Rejoice alivaa miwani na kusoma anwani kwanza, herufi kwa herufi. Ilikuwa yenyewe, ya kikundi. Kisha akasoma barua ya kwanza kwa sauti:

"Mpendwa wangu katika Bwana, nakusalimu kwa jina la Mungu aliye juu, anayefungua milango ambayo mwanadamu hawezi kufunga. Natumaini wewe na nyumba yako mko wazima. Mimi ni Constantino wa Juba, na nina jambo kubwa la faida kwako..."

Rejoice alianza kucheka. Alicheka mpaka akavua miwani.

"Unacheka salamu za Mungu?" Constantino aliuliza, mishipa ya shingo imemsimama.

"Sicheki Mungu, mzee. Nacheka wewe. Umeandika kama wale wezi wa urithi! Wale wanasema kuna mjane amekufa Ulaya, ameacha dhahabu, tuma namba ya benki. Wote wanaanza hivi hivi, mpendwa katika Bwana."

"Sasa nianzeje? Niingie kwa nyumba ya watu bila salamu, kama ng'ombe?"

"Hapo umesema kweli," Sitti alisema, na ndipo kwa mara ya kwanza yeye na Constantino wakawa upande mmoja.

Rejoice akawaeleza. Barua pepe ina mlinzi wake, na mlinzi huyo si mtu, ni mashine. Kila barua inayokuja anaipima. Akiona inafanana na za wezi haipeleki ndani, anaiweka kando, mahali panapoitwa taka. Na mlinzi huyo hufundishwa na mwenye simu. Ukibonyeza mara moja kwamba barua ya mtu fulani ni taka, atakutii: zote zitakazofuata za mtu huyo atazitupa kando yeye mwenyewe, na wala hatakuita.

Sitti alisikiliza huku amekunja mikono. Jambo hilo hakuliona geni hata kidogo. Katika ua wa kwao, mgeni asiyejulikana hupiga hodi akakaa kwenye mkeka nje ya lango, mpaka mtu wa ndani atoke amtambue. Lakini nyumba yenye adabu ina mtu wa kutoka. Mgeni akikaa nje mpaka jua linazama, aibu si ya mgeni.

"Basi barua zake ziko nje ya ua," alisema. "Nitawapeleka wenzangu wakazione."

Rejoice alitikisa kichwa. "Za zamani haziko tena, mama. Kinachokaa kwenye taka, baada ya mwezi simu inakifuta."

Constantino alishusha pumzi kwa huruma. Sitti hakushusha. Alifikiri kidogo, akamgeukia.

"Andika nyingine. Leo, hapa hapa. Uliza kama tutaweza kukusukia tabaga."

"Nitaandika vizuri, nitaondoa..."

"Usiondoe kitu! Andika vile vile, na Mungu wako na milango yake na faida yake. Kama Hadijah alimfundisha yule mlinzi kukufukuza, atakufukuza tena, na mimi nitakuwepo."

"Na kama haikuanguka kwenye taka?" Rejoice aliuliza taratibu. "Ikiingia ndani salama, mama, watasema hata zile zingeingia. Watakumaliza."

"Walishanimaliza," Sitti alisema. "Andika."

Constantino akaandika, akampa na namba yake ya simu. Rejoice akamwonyesha Sitti kwenye simu yake mwenyewe pa kugusa: mistari mitatu ya juu kushoto, kisha kushuka mpaka kwenye kiduara chenye pembe na alama ya mshangao ndani. Akamwambia na la kuacha, kwamba ndani ya taka kuna wezi wa kweli, asiguse maandishi yoyote ya buluu.

Siku ya mkutano wa kikundi, Sitti alifika kwenye ua wa Hajati Medina, akatoa salamu, akatandika mkeka wake nje ya lango na kukaa. Wanawake waliacha kusuka.

"Huyo anataka nini?" Yangi aliuliza. Yangi ulimi wake haujapata kulala. "Amekuja kutafutia wifi yake kazi ingine?"

"Nimekuja kuomba Hadijah afungue simu," Sitti alisema. "Constantino ameandika."

Hadijah alifungua mbele ya wote, bila kusita. Hakuwa na la kuficha, na hilo Sitti alilijua. Hadijah alitazama, akawageuzia kioo cha simu. "Hakuna. Angalieni wenyewe. Hakuna Constantino hapa."

Kicheko kikapita. Hajati Medina alitingisha kichwa kama mtu anayemsikitikia mgonjwa. Sitti alinyanyuka polepole, akaingia ndani ya ua bila kukaribishwa, akachuchumaa kando ya Hadijah.

"Gusa hii mistari mitatu," alisema. "Shuka. Shuka tena. Hiyo, yenye pembe."

Hadijah akagusa. Wakatokea wote waliokuwa wameachwa nje, safu kwa safu: wauza dawa za nguvu, wajane wa dhahabu, benki zisizojulikana.

"Huyu anasema nimeshinda gari!" Yangi alipiga kelele, kidole tayari.

Sitti alimpiga kofi mkononi. "Acha! Hilo gari litakuja kubeba vitu vyako vyote na wewe juu. Hadijah, endelea."

Hadijah hakuendelea. Kidole chake kilikuwa kimesimama juu ya jina la Constantino.

"Soma," Sitti alisema.

"Mpendwa wangu katika Bwana," Hadijah alisoma, na kila neno sauti yake ilipungua, "nakusalimu kwa jina la Mungu aliye juu... Mimi ni Constantino wa Juba." Akaweka simu mapajani. "Ile ya kwanza nimekumbuka sasa. Ilikuja, na mimi iliona ni wale wezi. Walikuwa wamenisumbua sana. Nikabonyeza taka. Zingine sikuziona kabisa, dada Sitti. Wallahi sikuziona."

"Najua," Sitti alisema. "Wewe ulikosea mara moja na mlinzi wako akakosea mara tatu, na hii ikiwemo. Wale ambao hawakubonyeza kitu, ambao walinihukumu na mdomo tu, wao ndiyo nataka kusikia."

Hajati Medina alikuwa ameinamia rafia yake, anatafuta ncha ya uzi usiopotea.

"Mtu alete chai," alisema hatimaye. "Sitti, kaa mahali pako. Kiti ni chako."

Chai ilikuja, yenye tangawizi na sukari nyingi, na Sitti akainywa yote bila haraka, wao wakimtazama. Alipomaliza akageuza kikombe.

"Kiti nitakaa. Lakini Hajati, mdomo wako ulinifukuza mpaka sokoni, mpaka kwa wauza samaki. Kesho utapita kule kule, kwa miguu, uwaambie kwamba barua ilifika na sisi ndiyo tuliitupa. Mimi nitakuwa nyuma yako, kusikia."

"Mbele ya watu wote, dada?"

"Uliponisema walikuwa wachache?"

Hajati Medina akaweka rafia yake chini. "Nitapita," alisema.

Sitti akamgeukia Hadijah. Akamwambia abonyeze kwamba hii si taka, aingize jina la Constantino kati ya watu wanaojulikana, ili mlinzi asimzuie tena. Na kuanzia sasa mkutano usianze kabla hawajatoka kutazama nje ya ua, kule kwenye taka. Hadijah alifanya yote, kisha akauliza amjibu nini.

"Andika: mimi ni Sitti. Barua yako imefika, tabaga tutasuka. Na salamu zake zirudishe zote, hata ile ya milango. Usipunguze."

Hadijah aliandika kwa muda mrefu, akatuma.

"Sasa mpigie simu," Sitti alisema, akichomoa kipande cha karatasi chenye namba. "Kwa salamu hizo, mlinzi wake naye atatuona wezi. Mwambie atoke, atutazame nje ya ua wake."