Anauliza Mara Mbili

Daktari wa wanyama wa hapa Kabondo hapasui mnyama aliyeshikiliwa kwa nguvu na kamba. Kwanza anampima kwenye mizani ya mchele, anaandika kilo kwenye kiganja chake, kisha anavuta dawa ya usingizi ndani ya sindano. Na kila mara anauliza mara mbili, kwa sauti ya chini: “Mama, alikula leo?”

Mara ya kwanza nilisema hapana. Mara ya pili nilishindwa kudanganya. Asubuhi nilimpa mbwa wangu Bobi samaki, nikiwaza uvimbe uliomleta kupasuliwa utaniondolea yeye. Daktari alirudisha kifuniko cha sindano. “Bon, mama, tunaacha. Akilala na tumbo ya kujaa, atatapika, itaingia mu mapafu, atakufa. Murudi kesho.”

Kesho yake Bobi alilala, na kisu kilipopita hakushtuka hata kidogo. Mkono mmoja wa daktari ulikuwa juu ya kifua cha Bobi, midomo ikitembea bila sauti. Nikadhani anaomba, nikasema Amina.

“Bado, mama. Ninahesabu pumzi.”

Alimaliza kushona, akamchoma sindano ya kutuliza maumivu, akaendelea kuhesabu mpaka Bobi alipoinua kichwa.

“Sasa, mama,” akasema, “sema ile Amina.”