Kadi ya Bibi wa Paw Wah

Hadi leo nikinusa dawa ya kung'arishia meza, ile yenye harufu ya ndimu, naikumbuka mikono ya mama. Alikuwa msafishaji katika jumba moja la mikutano katikati ya Stockholm. Jumapili baada ya ibada tulipanda treni pamoja kutoka Märsta tulikokaa, maana hakuwa na mtu wa kuniacha naye.

Shuleni nilikuwa na rafiki mmoja tu, Paw Wah. Wengine walinipita kama kiti. Yeye alizaliwa katika kambi ya wakimbizi wa Burma, mpakani upande wa Thailand. Mimi nilitoka Kongo nikapitia kambi ya Tanzania. Kiswidi chetu kilikuwa kibovu sawasawa, basi tukaelewana. Bibi yake, Naw Mu, alikuwa amebaki kule, kwa sababu siku ya kuandikishwa alikuwa amelazwa, na jina lake halikuingia kwenye orodha.

Wiki moja baba yake Paw Wah alisema mabalozi wangekuja Stockholm kuzungumzia mpaka huo, kwamba wakimbizi wamezidi. Nilipomuuliza mama, kumbe ni katika jumba lake!

Mjue kwamba sisi watoto wa kambi tuliamini orodha kuliko sala. Kwetu majina yalibandikwa ubaoni: lako likiwepo unapanda basi, lisipokuwepo unarudi kibandani. Kwa hiyo tulikata karatasi ngumu, mfano wa kadi za majina nilizoziona kwenye meza za jumba lile, tukaandika NAW MU kwa herufi kubwa. Jumapili ile, mama alipokwenda kuchota maji, niliisimamisha kadi yetu mezani katikati ya kadi zenye majina ya nchi mbili. Nikamwekea bibi na glasi, maana wenzake wote walikuwa nayo.

Mama aliporudi aliisoma.

“Wee mtoto, unataka banifukuze ku kazi?”

Nilimweleza kwa Kiswidi, huku nalia, kwamba bila jina bibi hatakuja. Mama aliketi kwenye kiti cha balozi, jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya. Kisha akaikunja kadi, akaitia mfukoni, akapafuta pale ilipokuwa.

Jumatatu Paw Wah alinisubiri getini.

“Wameliona jina?”

Ningesema ukweli ningempoteza, na sikuwa na mwingine.

“Wameliona,” nikasema. “Wanalijadili.”

Aliruka kwa furaha. Kila wiki aliuliza, na kila wiki nilimjibu hivyo hivyo. Theluji ilipoyeyuka familia yake ilihamia mji wa mbali kaskazini. Alinikumbatia kituoni, akaniomba nimwandikie majibu yakitoka.

Miaka mingi nilimkasirikia mama kwa ile kadi. Nilikuwa mtu mzima nilipoelewa kwamba yeye alilinda mkate wetu tu. Mimi ndiye niliyefanya kazi ya mabalozi: nilimpa mtu neno la kusubiria, ili nisibaki peke yangu. Na sikumwandikia.