Mama Pamba na Ndege wa Visiwani

Kazini walimwita shangazi yangu Mama Pamba, maana hakuna siku aliyorudi nyumbani bila nyuzi za pamba kichwani. Kwa miaka thelathini na moja alikuwa fundi wa kukausha ndege katika jumba la makumbusho. Ndege aliyekufa akiletwa, shangazi alimchuna taratibu, akampaka dawa ya wadudu, akamjaza pamba, akamshona tumbo, kisha akamlaza kwenye droo na lebo mguuni. Shule zikifungwa alinichukua kwenda naye. Mpaka leo nikisikia harufu ya dawa ile namwona pale dirishani, miwani imemshuka puani, akigombana na uzi.

Droo alizozipenda zaidi zilikuwa za ndege wadogo wa manjano. Walikuwa ukoo mmoja, lakini kila kisiwa kiliwachonga kivyake: hawa midomo minene ya kuvunjia mbegu, wale midomo myembamba ya kuchokolea wadudu, wengine mabawa mafupi kama waliochoka kuruka. Aliyezipanga ni mhifadhi mkuu wa zamani, mtu mpole aliyemtoa shangazi kwenye ufagio akamfundisha kazi. Droo ya kwanza ilikuwa ya ndege wa bara, zilizofuata za visiwani. Mhifadhi alieleza kwamba ndege hao walitoka bara, upepo ukawasukuma hadi visiwani, wakabadilika, na safari yao ikaishia huko.

Siku moja shangazi alimwambia kwamba yeye, kwa kuwashika tu, aliona mambo kinyume. Wa visiwani walitofautiana mno, kama waliokaa huko enzi na enzi. Wa bara walifanana wote, kama waliofika juzi, tena walikuwa na mstari mweupe chini ya bawa, sawasawa na ndege wa kisiwa kimoja tu. Mhifadhi alicheka, si kwa dharau, akammiminia chai, akamuuliza kisiwa kidogo kingeweza kulipatia nini bara zima. Shangazi alikunywa chai yake, akarudi kwenye uzi.

Miaka ilikwenda, mhifadhi akafariki. Ndipo alipokuja mtafiti, binti mwenye mkoba mgongoni, akiomba kukata kipande kidogo cha ngozi chini ya kidole cha kila ndege ili akapime vinasaba vyao, ajue nani katokana na nani. Shangazi alikataa katakata. Wale ndege aliwashona kwa mkono wake, na kwake ilikuwa kama kuombwa watoto wakatwe. Binti hakubishana. Alirudi kesho yake, na keshokutwa, akakaa tu kumtazama akishona. Siku ya nne shangazi akapiga moyo konde, akachukua kiwembe.

“Nitakata mimi,” alisema. “Wewe shika chupa.”

Miezi minane baadaye nilikuwa nimepita kumchukua shangazi tulipomkuta binti yule mlangoni. Alitandaza mezani mchoro wa nasaba wenye matawi mengi, akatuonyesha kwa kidole. Shina lilikuwa visiwani. Ndege waliruka kutoka kisiwa kimoja hadi kingine, kila walipotua wakazaa aina mpya. Mwishoni kabisa tawi moja changa lilivuka maji hadi bara, likatapakaa huko. Tawi hilo lilianzia kisiwa cha wale wenye mstari mweupe.

“Kumbe wageni ni hawa wa bara, mama,” alisema.

Nilidhani shangazi angevimba kichwa. Badala yake alivua miwani, akaifuta kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji.

“Laiti angekuwepo,” alisema. “Angebisha wiki nzima, halafu angeniletea chai ya kuniomba radhi.”

Mwaka ule alikuwa anastaafu. Kabla hajaondoka aliombwa azipange droo upya, visiwa mbele, bara mwisho. Ilituchukua siku mbili, mimi nikibeba, yeye akilaza. Lebo za mhifadhi, zenye wino uliofifia, alikataa zitolewe. Alifunga mpya pembeni yake.

Tulipotoka jioni, njia nzima hakugusia vinasaba. Alinisimulia ndege wake wa kwanza kabisa, alivyomchana shingo hadi kichwa kikabaki mkononi, akalia. Mhifadhi alikitazama kile kichwa, akachukua koleo la bustani, wakaenda wawili nyuma ya jengo kumfukia, kimya kimya, mkurugenzi asije akajua.