Mbeleko Ndani ya Shimo la Mbolea

Mwaka 1995, katika kambi moja ya wakimbizi wilayani Ngara, Consolatha ndiye aliyekuwa mama wa taka. Kila asubuhi alisukuma toroli lake kati ya vibanda vya turubai akipiga hodi, na ole wako umpe maganda ya ndizi yaliyochanganyika na nailoni! Angeyamwaga palepale mlangoni uchambue mwenyewe. Makopo yalikwenda kwa Evaristi, fundi wa vibatari. Maganda, majani na majivu yalikwenda shimo la mbolea, ambako watu wa Keza, kijiji cha jirani, walikuja kuchota kwa ajili ya migomba yao. Vitu vya waliokufa kwa kuhara damu vilikwenda shimo la moto, na hapo hakusikiliza machozi ya mtu.

Masika yalipoanza, kuhara damu kukamchukua Iradukunda, mwanawe wa pekee, hata kutembea alikuwa bado.

Walipotoka kuzika, Leonidas mumewe alimwambia, "Mama Iradukunda, watu wa afya wachukue vyote, lakini mbeleko usiwape. Ya mtoto wa kwanza ndiyo inayombeba wa pili. Ukiichoma umefunga tumbo."

Ndivyo walivyolelewa kwao Rwanda, na Consolatha hakuhitaji kukumbushwa. Ila kesho yake msimamizi wa afya angepita kukagua kibanda, na yeye aliyewanyang'anya wenzake mablanketi angeificha wapi? Akaichemsha, akaikausha pamoja na fundo alilokuwa akilifunga kifuani akimbeba mtoto, ambalo hakuwa na moyo wa kulifungua, akaipeleka mahali ambapo hakuna aliyegusa isipokuwa yeye: chini kabisa ya shimo la mbolea. Kwenye toroli kulikuwa na mfuko wa nailoni, mzito, haujatoboka. Aliushika, akaurudisha. Nailoni haiingii shimo la mbolea. Mkono ulishazoea hivyo, wala akili haikuulizwa. Akaifunga mbeleko, kitenge cha pamba tupu, kwa majani ya mgomba, akaifukia. Angeitoa ukaguzi ukishapita.

Kabla ukaguzi haujapita, ugonjwa ukamwangusha yeye mwenyewe. Alilala kwenye hema la wagonjwa masika yote, akabaki mifupa mitupu. Kila Leonidas alipoleta uji aliinama na kunong'ona, "Ipo?"

"Ipo," alijibu. Mahali hakupataja, maana hema lilijaa masikio. Neno hilo moja lilimfanya anywe uji.

Aliporuhusiwa hakupitia hata kibandani. Alikwenda moja kwa moja shimoni, Leonidas akimfuata bila kuelewa.

"Humu?"

"Humu."

Alifukua kwa mikono, akiogopa jembe lisije likaichana. Mbolea ilikuwa imeiva vizuri ajabu, nyeusi, laini, yenye joto bado. Mwenye migomba angeifurahia. Consolatha aliichukia kwa moyo wake wote. Majani ya mgomba hayakuwepo. Kitenge hakikuwepo. Akazidi kufukua, huku akijua, maana kama kuna mtu kambini aliyejua kazi ya shimo lile ni yeye. Mwishowe vidole vikagusa kitu kigumu kidogo. Lilikuwa fundo, peke yake.

"Iko wapi?" Leonidas akauliza.

Akamfungulia kiganja.

Leonidas alilitazama, akaketi chini kwenye maganda mabichi, mwanamume mzima, mbele ya watu waliokuwa wakipita na ndoo zao.

"Basi," akasema, "tumebaki wawili."