Mtu Aliyeondoka na Sauti ya Bosco

Haya sikusimuliwa na mtu. Yalinikuta mimi mwenyewe, mchana, nikiwa na akili zangu timamu, kwenye nyumba ya kupanga pembeni mwa mji wa Kitale. Usipoamini, si neno. Hata mimi ningeyasikia kwa mwingine ningecheka.

Mimi ni fundi wa nguo, nashonea nyumbani. Kwa sababu naishi peke yangu, kaka yangu wa Misikhu alinipa mbwa wa kunilinda, jina lake Bosco. Mbwa mzuri, ila kubweka! Nikitoka kupeleka nguo za wateja alibweka mpaka nirudi, akakwaruza mlango na kutafuna kila kiatu alichokipata. Nikamuuliza daktari wa mifugo, akaniambia huyo si mkaidi, anaogopa kuachwa.

"Mtembeze asubuhi, mpe mfupa wa kumshughulisha. Toka kidogo, urudi, halafu ongeza muda polepole. Na usimpige, utamwongezea hofu."

Nikafanya hivyo, na kweli akaanza kutulia. Lakini mwenye nyumba hakuwa na subira. Alikuja akasema, "Mama, mwezi ukiisha na bado nasikia hiyo mbwa, mtafute kwingine, wewe na yeye."

Kesho yake, baada ya chakula cha mchana, mtu alibisha. Mwanamume mrefu, koti safi, viatu vinang'aa ingawa mvua ilikuwa imetoka kunyesha na njia yetu ni udongo mtupu. Akasema anatoka upande wa Mabanga, kazi yake ni kutuliza mbwa. Nani alimwambia nina mbwa? Swali hilo lilinijia baadaye. Wakati ule nilikuwa nawaza nyumba tu.

Bosco alikuwa anabweka kama amepagawa.

"Unataka inyamaze?" yule mtu akauliza.

"Nataka."

"Basi sema umenipa."

"Nikupe nini? Mbwa simtoi."

"Mbwa sitaki. Kelele tu."

Nikaona ni mzaha. "Haya, chukua."

Akainama, akamshika Bosco taya, akamnong'oneza kitu. Bosco akanyamaza katikati ya kubweka, kama redio iliyozimwa. Mdomo uliendelea kufunguka na kufungika, sauti haitoki. Kabla sijasema neno yule mtu alikuwa ameshatoka na kuvuta mlango nyuma yake.

Nilitaka kumfuata. Bosco akalala mlangoni, akanionyesha meno. Bosco, niliyemlisha kwa mkono wangu! Nikisogea, manyoya ya mgongo yanasimama. Nikakumbuka maneno ya daktari kuhusu hofu, nikajitenga bila kumkazia macho, nikamrushia kipande cha ugali. Hata hakukiangalia. Nikagundua haniangalii mimi pia. Alikuwa anaangalia upenyo ulio chini ya mlango.

Ndipo nikamsikia Bosco akibweka. Nje.

Niamini, sauti ya mbwa wako huwezi kuikosea. Ilikuwa ile ile, yenye kikohozi kidogo mwishoni. Ilizunguka nyumba, ikapita chini ya dirisha la jikoni, ikarudi mbele. Nikachungulia kando ya pazia. Aliyekuwa anabweka ni yule mtu. Amesimama wima, mikono mifukoni, uso umetulia kabisa, na mdomoni mwake inatoka sauti ya mbwa wangu. Kisha akaita kwa upole, "Mama, fungua. Nimesahau kitu."

Ungefanya nini? Madirisha yana vyuma, mlango ni mmoja, simu imezima. Nilipiga mayowe, lakini nani angeshtuka? Majirani walishazoea fujo za nyumba yangu. Kwao Bosco alikuwa anabweka kama kawaida.

Kibaya zaidi, kila aliposema "fungua", mkono wangu uliinuka wenyewe kwenda kwenye komeo. Sidanganyi. Niliuona unakwenda. Na kila mara Bosco alinisukuma nyuma kwa kifua chake, mpaka nikaangukia kiti cha cherehani. Hapo nikaelewa kwamba hakunifungia kwa ubaya. Nikamkumbatia shingoni, tukakaa hivyo, mimi nalia, yeye anatetemeka.

Tuliokolewa na Mama Zainabu, jirani yangu, aliyekuja amekasirika.

"Si umnyamazishe huyu mbwa? Watu wanaswali alasiri," alisema akifungua geti.

Sauti ikakatika. Bosco mwenyewe akaondoka mlangoni, nikafungua.

"Umemwona mtu hapo nje?" nikamuuliza.

"Mtu gani? Nimesikia mbwa tu." Akamwona Bosco miguuni pangu, akarudi nyuma hatua. "Kwani yuko ndani?"

Tulizunguka nyumba pamoja. Tope lilikuwa laini pande zote. Hapakuwa na alama ya kiatu wala ya mguu wa mbwa.

Nilihamia Bungoma wiki hiyo hiyo. Daktari wa huku amempima Bosco koo, hakuona kasoro. Hatafuni viatu tena, hakwaruzi, na watu wananisifu kwa kufuga mbwa mtulivu. Sifa hiyo siipendi. Akiota, miguu inakimbia na mdomo unafunguka, kimya. Na mimi siwezi kukaa chumba kilichofungwa, hata kanisani nakaa karibu na mlango. Nashona barazani, mvua inyeshe isinyeshe.

Kwa hiyo wewe unayenisikiliza, mbwa wako akikusumbua, tafuta kinachomsumbua yeye. Mtembeze, mzoeshe taratibu, vumilia. Akija mtu hukumwita, akasema atakuondolea kelele, usimkubalie hata kwa mzaha. Mwache mbwa abweke.