Vidonge Vitatu vya Pumu

Nina pumu. Mwaka ule wa vita, treni kutoka Lubumbashi haikufika tena Kamina, na baba alihangaika mpaka akanipatia vidonge vya salbutamol kwa mfanyabiashara mmoja wa Maniema. Akanionya nivichunge kama macho yangu.

Nilivichunga mpaka siku ya mtihani wa hesabu. Dawa ile inakimbiza moyo na kutetemesha mikono, basi nikawagawia wenzangu kama bonbon, zile pipi za dukani. Mwalimu akaona vidole vinacheza juu ya karatasi, akasema malaria imevamia darasa, akaturudisha nyumbani. Nilicheka njia nzima.

Juma lile lile, tumbo la yaya, dada yangu mkubwa, likaanza kukaza. Mimba ya miezi saba. Tukampeleka materinite, hospitali ya wazazi.

"Mapafu ya mutoto haiyaiva," muuguzi akamwambia mama. "Sindano ya kuivisha iko, lakini inaomba siku mbili. Tushikilie tumbo siku mbili tu."

"Muambie mutoto abakiye mu tumbo," nikasema. "Huku inje hata mukate hakuna."

Yaya akacheka, tumbo likakaza, akanipiga kofi la mgongo. "Weye mujinga! Acha kunichekesha!"

Muuguzi akamchoma yaya sindano, kisha akaeleza kwamba dawa za kutuliza tumbo anazozijua ni mbili. Moja ni ile ya tension, yaani presha: inatuliza vizuri na haitetemeshi mjamzito, ila inashusha presha, na ya yaya ilikuwa chini tayari. Ya pili inasumbua moyo, lakini kwa yaya ndiyo yenye hatari ndogo.

"Salbutamol," akasema. "Lakini hapa basoda na bunduki zao balikomba depo yote ya dawa."

Mama akanigeukia. "Si njo dawa yako?"

Nikakimbia nyumbani. Nilijua kilichobaki, ila nilitikisa kichupa cha vidonge kama vile vingeweza kuzaana.

"Tatu tu?" muuguzi akauliza nilipomkabidhi. "Ingine iko wapi?"

"Nilimeza. Pumu ilinibana."

Yaya alishika kidonge cha kwanza, akaniangalia. "Na weye utapumua na nini?"

Nikamsogezea kikombe cha maji.

Vile vitatu vililaza tumbo usiku kucha. Moyo wa yaya ulidunda hadi shuka likatikisika, lakini tumbo lilitulia. Asubuhi likaamka. Muuguzi akasema sasa hana la kuchagua, akampa nusu ya kidonge cha tension kilichotoka kwa yule mfanyabiashara wa Maniema, ambaye salbutamol ilikuwa imemwishia. Yaya akaloa jasho, macho yakapanda juu. Wakaacha.

Mtoto alitoka kabla ya adhuhuri, siku mbili hazijatimia. Mvulana, mzima, na kucha zake zote. Kila akivuta hewa, kifua kilizama chini ya mbavu na pua zikatanuka. Hakuna aliyehitaji kunieleza. Kazi ile naijua toka nikiwa mdogo, na mimi huwa napewa kidonge. Aliifanya peke yake mpaka saa tisa, akachoka, akaacha kupumua.

Hadi leo wageni wakija kutupa pole, yaya anawaambia, "Mudogo wangu alinipa pumzi yake yote, hakubakiza." Wananisifu. Jana alisema hivyo tena, nikatoka nyuma ya nyumba. Kesho nitamwambia ile ya siku ya mtihani. Na jana nilisema kesho.